Ushahidi Uko Chini ya Mti

Ndugu msikilizaji, kijana wa Bukoba au Muleba akitaka kuandika mambo ya mababu zake ya miaka 400 au 500 iliyopita, aanzie wapi? Mwenzake wa Ulaya hufungua daftari la kanisa au hati za mfalme. Kwetu hakuna aliyeandika. Speke alifika kwa Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na Wajerumani wakaweka kituo Bukoba mwaka 1890.

Basi wengi hukimbilia kitabu. Si vibaya. Yupo Mjerumani Rehse aliyeandika juu ya Kiziba mwaka 1910, na yupo mwenyeji, Francis Lwamgira, ambaye kitabu chake cha habari za Kiziba kilitoka mwaka 1949. Lakini Kiziba si Ihangiro. Kiziba walitawala Wababito, Ihangiro Wahinda, na kila ukoo husimulia ushindi wake na kuruka aibu yake. Kwa hiyo usiishie kwa wazee wa ukoo wa mfalme. Waulize pia wafua chuma, na koo zilizokuwapo kabla ya watawala hao kuja. Tena uliza kwa upole kama mzee alisikia kwa babu yake au alisoma, maana siku hizi kitabu hurudi kwako kupitia kinywa cha mzee, nawe ukadhani umepata mashahidi wawili!

Masimulizi hayo si hadithi za kulalia. Kule Katuruka, Maruku, wazee walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni, wakaonyesha na mti uitwao Kaiija palipokuwa kiwanda cha kufulia. Mwaka 1970 hivi, mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, akachimba mahali walipoonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na mkaa wake ulipopimwa ukaonekana una umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mfalme huyo anakadiriwa kutawala karne ya 17. Yaani wazee walimpa mfalme sifa ya kazi iliyomtangulia mbali, lakini mahali hawakukosea.

Na miaka utaipataje? Hesabu ya vizazi hukupa makisio tu. Jua likipatwa ni bora zaidi. Jirani zetu wa Ankole hukumbuka giza la mchana lililotokea Biharwe wakati wa vita na Wanyoro, na wanahistoria wengi hulihusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520.

Kazi hii haingoji likizo ndefu. Ukimwi, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi waliopaswa kurithi masimulizi haya, na wazee waliobaki ni wachache. Nenda na kinasa sauti. Andika jina la mzee, ukoo wake, kijiji na tarehe, kisha nakala moja mwachie yeye.