Rafiki Mtunzi Akifariki: Ombolezo kwa Piano

Umefiwa na mwenzako mliyekuwa mkipiga muziki pamoja. Kila anayekuja msibani anakuambia, "Jikaze." Sawa, lakini ukishajikaza huzuni inakwenda wapi? Haipotei eti kwa sababu umenyamaza. Watunzi wa muziki wana njia yao ya siku nyingi: humtungia marehemu kibao cha kumwomboleza. Hebu tuone kinatungwaje, maana hata wewe unayepiga kinanda cha kwaya unaweza kujaribu.

Kisa cha Paris

Mtunzi Mfaransa Claude Debussy alifariki Paris tarehe 25 Machi 1918 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 55. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa bado inaendelea na mizinga ya Wajerumani ilikuwa ikiupiga mji. Mazishi yake yalihudhuriwa na watu wachache tu. Mwaka 1920 jarida la muziki la huko, La Revue musicale, lilichapisha kazi za watunzi 10 za kumkumbuka.

Mmoja wao alikuwa Paul Dukas, rafiki yake tangu ujana. Dukas hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Aliharibu kazi zake nyingi, na baada ya 1912 alikuwa karibu ameacha kabisa kuchapisha. Kwa ajili ya rafiki yake akavunja ukimya, akatunga kibao kifupi cha piano, La plainte, au loin, du faune. Maana yake ni kilio cha fauni kinachosikika kwa mbali. Fauni ni kiumbe wa hadithi za kale, nusu mtu nusu mbuzi.

Alifanyaje?

Kwa nini fauni? Kwa sababu kibao maarufu cha Debussy cha mwaka 1894 kinamhusu fauni huyo. Kinaanza na filimbi peke yake: sauti inateremka polepole, halafu inapanda tena. Dukas hakutunga wimbo mpya wa kumsifu marehemu. Aliichukua sauti ile ile ya filimbi akaipeleka kwenye piano, huku noti moja ikirudiwarudiwa kama kengele. Anayemjua Debussy akisikia anashtuka: ni yeye! Lakini yuko mbali, na hafikiki tena.

Manuel de Falla wa Hispania alimwomboleza Debussy kwa gitaa, baadaye akakiandika kibao hicho kwa piano pia. Yeye alisubiri mpaka karibu na mwisho, ndipo akaingiza kipande kidogo cha muziki wa Debussy.

Mwaka 1935 Dukas naye akafariki. Aliyeomboleza sasa akaombolezwa: Falla alimtungia kibao cha piano. Olivier Messiaen, mwanafunzi wa Dukas, aliyekuwa na miaka 26 mwalimu wake alipofariki, naye akatunga chake.

Na wewe je?

1. Chagua kitu kimoja cha marehemu: mstari wa wimbo aliotunga, au namna alivyozoea kuumalizia. Noti nne au tano zinatosha.
2. Kipige polepole kuliko alivyokipiga yeye.
3. Mkono wa kushoto urudie noti moja tu. Usijaze mapambo.
4. Acha nafasi za kimya. Kimya nacho ni sehemu ya muziki.
5. Pale ambapo yeye angeendelea, wewe simama. Usimmalizie wimbo wake.
6. Andika jina lake juu ya karatasi, kisha wapigie waliomfahamu.

Ukianza kulia katikati, acha kupiga, lia, halafu endelea. Wala si udhaifu, uwe msichana au mvulana.

Kumbuka

Ombolezo halimrudishi mtu, na wala si lazima liwe zuri. Kazi yake ni kuipa huzuni yako mahali pa kukaa, ili usiibebe moyoni peke yako. Lakini kama wiki zinapita hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usiishie kwenye kinanda. Mwambie leo hii mtu mzima unayemwamini: mzazi, shangazi, mwalimu au nesi wa zahanati.