Homa ya Mbu Isiyozuiliwa na Chandarua

Huenda unao jamaa huko Nyakatuntu, mkoani Kagera, wafugao ng'ombe. Ng'ombe wao akitupa mimba, wasimvute ndama kwa mikono mitupu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931, huenezwa na mbu miongoni mwa mifugo. Lakini wanadamu wengi huipata kwa kugusa damu, nyama mbichi au kondo la nyuma la mnyama mgonjwa. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua watu zaidi ya mia moja nchini Tanzania. Chandarua hakimkingi mchinjaji. Nyama ya mzoga nayo isigawiwe majirani, hata iwe imenona namna gani! Maziwa yachemshwe, na bwana mifugo aitwe kabla ya kisu.