Mto Gucha na Mvua za Siku Hizi: Kweli au Si Kweli?

Masika yakianza, maneno huwa ni yale yale: sokoni Keroka, kwenye kituo cha kupimia majani chai, ndani ya matatu ya kwenda Nyamira. Mengine yana ukweli ndani yake. Mengine yanatuponza.

"Mafuriko ni shida ya watu wa chini. Sisi wa milimani hayatuhusu."

SI KWELI. Gucha unazaliwa kwetu, kwenye milima ya Kiabonyoru huko Nyamira. Unapita Ogembo, unateremka Migori ambako Wajaluo wanauita Kuja, unakutana na mto Migori, kisha unatandaa kwenye tambarare za Nyatike kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mwenye shamba Nyatike anaweza kulala chini ya mbingu yenye nyota na kuamkia maji mlangoni, kwa mvua iliyonyesha kwetu.

Sisi wenyewe hatusalimiki. Huku maji hayatuami, yanakimbia, na mbio zake ndizo zinazobomoa kingo, kuzoa vivuko vya miguu na kuporomosha udongo.

Tazama shamba la kawaida la Kisii. Mzee alikuwa na ekari chache, wanawe wakagawana, na kila mmoja akapewa ukanda mwembamba kuanzia barabarani juu ya kilima mpaka mtoni bondeni, ili wote wapate njia na wote wapate maji. Mpaka unafuata mteremko, na kijia cha kwenda mtoni kinafuata mpaka. Mvua ya saa tisa alasiri ikipiga, kijia hicho kinageuka mfereji. Maji yanashuka na udongo mwekundu, na mbolea iliyonunuliwa kwa mkopo, na mbegu za mahindi zilizokuwa ndiyo kwanza zinachipua. Katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, vijia vya namna hiyo havihesabiki.

"Mafuriko yalikuwepo tangu zamani, kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi ni hadithi."

Nusu ya kwanza ni KWELI. Wazee wanaikumbuka mvua ya 1961, iliyofuatwa na miaka ambayo Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Sisi wengine tunaikumbuka El Niño ya 1997. Nusu ya pili SI KWELI. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hauna budi kushuka. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Afrika Mashariki, walikuta kwamba ongezeko la joto duniani lilizizidishia nguvu hadi maradufu. Kwa mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, waliona nyongeza ya karibu asilimia 5.

Asilimia 5 inasikika ndogo, na sitaki kuikuza. Lakini fikiria udongo ambao umelowa wiki tatu mfululizo na hauwezi tena kunywa. Kila tone la ziada linakwenda moja kwa moja mtoni.

"El Niño imeisha, sasa tupumue."

SI KWELI. Kwetu El Niño huzidisha hasa mvua za vuli. Uchunguzi ule wa masika ya 2024 haukuikuta na mchango wa maana katika mvua zile.

"Siku hizi mvua ni nyingi kuliko zamani."

NUSU KWELI. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, masika yalipungua kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1980, huku vuli ikielekea kuongezeka. Milima ya Gusii bado hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Kilichobadilika zaidi ni namna mvua inavyokuja: siku kavu nyingi, kisha dhoruba moja inayomwaga kwa saa mbili maji ambayo ardhi ingeyapokea vizuri kama yangekuja kwa siku nne.

"Mikaratusi kando ya mto inashikilia kingo."

SI KWELI, ingawa ninajua kwa nini tunaipanda. Ndiyo nguzo, ndiyo mbao, ndiyo kuni za viwanda vya chai, ndiyo karo ya Januari. Lakini chini ya mikaratusi iliyosongamana hakuoti nyasi za kutosha kuvunja mbio za maji, na kiangazi miti hiyo inakausha chemchemi. Mabonde oevu yaliyokuwa yakifyonza mafuriko kama sifongo, tumeyachimbia mitaro na kuyapanda miti. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Nenda bondeni leo uone imebaki mingapi.

"Serikali ijenge kuta kule Nyatike, yaishe."

Kuta zinasaidia, lakini HAYATAISHA. Chota maji ya Gucha kwenye chupa baada ya mvua kubwa, uiache mezani hadi asubuhi. Tope litakalotulia chini ni shamba la mtu. Tope hilo linajaza sakafu ya mto huko tambarare, mto unapanda, na ukuta wa jana unakuwa mfupi.

Kanuni za maji zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kulimwa kila upande wa mto. Kwa mwenye robo ekari, hata mita 6 zinauma, na anayemwambia aziache bila kumwonyesha atakula nini hamtendei haki. Lakini mita hizo si lazima zikae bure. Mianzi inashika ukingo na inauzika. Na juu kidogo ya ukanda huo, nepia iliyopandwa kwenye matuta yanayokata mteremko inazuia udongo, na ng'ombe anakula.