Moshi wa basi la shule na mapafu ya watoto wetu

Kila asubuhi tunachunga sana kile mtoto anachokula kabla ya kwenda masomoni. Hewa anayovuta njiani hatuichungi. Kwa mtoto anayesafiri kwa basi la mazutu, hilo ni jambo kubwa.

Moshi wa mazutu una vumbi laini sana: chembe zaidi ya 20 zikipangwa pamoja zinaenea katika unene wa unywele mmoja. Pua haizizuii, zinashuka mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 2012 kituo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) kilitangaza kwamba moshi huo unaleta kansa. Mtoto anaumia kuliko mkubwa: anavuta hewa nyingi kwa uzito wake, mapafu yake yangali yanakua, na kwa ufupi wake pua iko karibu na bomba la moshi. Nasi walimu tunaona darasani: mtoto anayekohoa hasikii somo.

Huko London, Uingereza, binti Ella Adoo-Kissi-Debrah alikufa kwa asma mwaka 2013, akiwa na miaka 9. Aliishi karibu na barabara ya magari mengi. Mama yake hakunyamaza. Mwaka 2020 uchunguzi rasmi ukakubali kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, basi likisimama zaidi ya dakika moja, motere izimwe. Shofere mwingine anaiacha inawaka kwa sababu batri ni dhaifu, anaogopa haitawaka tena. Basi, kabla ya kumlaumu, komite ya wazazi iulize bei ya batri. Mazutu inayoungua bure mlangoni pa shule nayo tunailipa sisi.

Pili, tuangalie rangi ya moshi. Ukiwa mweusi, mazutu haiungui vizuri. Mara nyingi filtri ya hewa imejaa vumbi la barabara, ao enjekteri zimechoka. Filtri ni bei ndogo kuliko dawa.

Tatu, watoto wasisubiri nyuma ya basi, na mabasi yasibanane, bomba la moja likielekea madirisha ya lingine.

Katika kikao kijacho cha wazazi, tuulize maswali mawili tu: filtri ilibadilishwa lini, na nani anahakikisha motere inazimwa? Majibu yaandikwe katika daftari la komite.