Kalamu na Kishikwambi katika Vituo vya Afya vya Uvira

Mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, umejinyoosha katika ukanda mwembamba wa nchi baina ya milima ya Mitumba na maji ya ziwa Tanganyika, ambayo ng'ambo yake taa za Bujumbura huonekana usiku. Na ndani ya ukanda huo, kutoka Kavimvira uliko mpaka wa Burundi hadi Kalundu iliko bandari, vimetawanyika vituo vya afya ambavyo wauguzi wake hufanya kazi ya tarakimu na mitambo kila juma, ingawa hapana mtu awahesabuye miongoni mwa watumishi wa mitambo. Itajwapo ofisi ya kidijitali, fikira zetu aghalabu hukimbilia majumba marefu ya Nairobi na Dubai, kwenye viti vya magurudumu na vyumba vya ubaridi. Lakini ikiwa ofisi ya namna hiyo ni mahali popote ambapo mtumishi hawezi kufunga siku yake kabla hajaulisha mtambo habari, basi muuguzi wa mtaa wa Kilibula ni mtumishi wa ofisi hiyo sawasawa na karani wa benki, na raha yake na taabu yake mbele ya kioo zastahili kuangaliwa kwa insafu ile ile.

Tuitazame kazi yake kwa karibu. Mgonjwa aingiapo, jina lake, umri wake, mtaa wake na maradhi yake huandikwa katika daftari kubwa la mapokezi kwa kalamu ya wino. Mwezi ukiisha, muuguzi mkuu wa kituo hukaa chini, mara nyingi jioni wagonjwa wakishaondoka, akapitisha kidole mstari kwa mstari huku akichora vijiti kwenye karatasi ya pembeni, vinne wima na cha tano kuvikata, malaria mahali pake, kuhara mahali pake, watoto walio chini ya miaka 5 mbali na watu wazima. Jumla zikipatikana huhamishiwa kwenye fomu ya mwezi, ambayo kurasa zake si chache. Na fomu ikitiwa sahihi hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, ambako karani wa takwimu huziingiza namba zile zile, moja baada ya moja, katika programu iitwayo DHIS2, ndiyo hazina ya taarifa za afya ya Kongo nzima yenye zoni zaidi ya 500. Hapo hatujataja taarifa ya kila juma ya maradhi ya mlipuko, ambayo haingoji mwisho wa mwezi, wala fomu za mipango mingine, kwani kifua kikuu kina fomu yake, UKIMWI una yake, chanjo na lishe zina zao, na nyuma ya kila moja yuko mfadhili atakaye hesabu yake kwa namna yake. Mtoto mmoja mwenye homa aweza kuandikwa mara tatu au nne kabla jua halijatua, na aandikaye ni yule yule mwenye kumdunga sindano.

Vikwazo vya kazi hii vyajulikana na kila mkazi wa mji. Umeme utokao maporomoko ya Ruzizi huja na kwenda kwa ikhtiari yake, na kituo kisicho na mtambo wa jua huazima chaji kwa jirani mwenye jenereta. Mega za intaneti ni deni lisilo na mwenyewe: mradi ukiwapo hulipwa na mradi, na mradi ukifungwa, muuguzi hutia mkono mfukoni mwake, ilhali wengi katika wauguzi wa serikali hupokea posho ya hatari peke yake bila ya mshahara, na wengine hata hiyo hawaioni. Simu itumikayo ni yake pia. Kati ya mwaka 2020 na 2022, serikali ilipokata ada ya usajili wa simu moja kwa moja kutoka kwenye salio la mwenye simu, hapana aliyeuliza kama salio lile lilikuwa la kuzungumza na jamaa au la kupeleka habari za kipindupindu. Wakati mwingine njia yenyewe hufungwa kwa amri: tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na zikapita karibu siku 20 kabla haijarudishwa. Fauka ya hayo kioo husema Kifaransa kwa mtu ambaye siku nzima amezungumza na wagonjwa wake kwa Kiswahili, Kifuliiru au Kibembe. Faida ndogo iliyopo ni ya saa, kwa kuwa Uvira imetangulia Kinshasa kwa saa moja, na mwenye kuchelewa ana dakika 60 za huruma. Ni faida ya kuchekesha, lakini yatumika.

Mtu akiyasikia haya atasema dawa yake ni kununua vishikwambi vipya, kufunga sola na kulipia mega, na hatutambishia, kwani vyote vyahitajika. Hata hivyo naona taabu kubwa ya muuguzi haimo katika upungufu wa vyombo. Imo katika mkondo wa habari wenyewe, ambao hupanda tu wala haushuki: namba hutoka kituoni kwenda zoni, zikaenda jimboni, zikaenda Kinshasa, zikavuka bahari kwa wafadhili, na yule aliyezihesabu kwa vijiti hasikii tena habari zake ila siku ya kulaumiwa kwa kuchelewa. Kazi isiyorudisha jawabu humchosha mtu upesi kuliko kazi nzito. Na mtumishi aliyechoka hivyo mwishowe hunakili namba za mwezi uliopita, akazibadilisha kidogo ili zisifanane mno, na hapo hazina nzima ya Kinshasa huwa imejaa hewa.

Ajabu ni kwamba programu hii ya DHIS2 inayomlemea muuguzi ilizaliwa katika nasaba iliyompa mtumishi mdogo sauti. Huko Norway, tangu mwaka 1970, mwanahisabati Kristen Nygaard, ambaye pamoja na mwenzake Ole-Johan Dahl ndiye aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, alishirikiana na chama cha mafundi wa chuma kuchunguza mashine zilizokuwa zikiingia viwandani, ili mafundi wazielewe kabla hazijawatawala na wawe na neno juu ya namna zitakavyotumiwa; na mwaka 1975 shirikisho la wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa nchi ile wakatiliana mkataba uliowapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kushirikishwa pale mitambo ya namna hiyo inapoletwa. Wanafunzi wa madhehebu hayo ya Oslo, miongoni mwao Jørn Braa, walikwenda Cape Town katika miaka ya 1990, wakati Afrika ya Kusini ilipokuwa ikijaribu kuunganisha idara 14 za afya zilizoachwa na utawala wa ubaguzi, na huko, wakiketi pamoja na wauguzi na makarani wa wilaya, wakaitengeneza DHIS ya kwanza. Ya pili, ndiyo hii ya Uvira, ilitoka mwaka 2006. Kenya iliieneza nchini kote kwa njia ya intaneti mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na Kongo ikaipokea katika muongo ule ule. Chombo kilisafiri salama. Ile desturi ya kuketi na watumishi, nadhani, iliachwa bandarini.

Zanzibar haikuiacha. Visiwani humo, tangu katikati ya miaka ya 2000, watumishi wa afya wa wilaya na wa mipango walikusanywa kila robo mwaka katika warsha ambazo mwalimu wake hakuwa mgeni. Kila wilaya ilisimama ikaonyesha hesabu zake yenyewe mbele ya wenzake, na wenzake wakauliza: mbona chanjo zenu zimewapita watoto mlio nao, mbona kituo fulani hakina mgonjwa wa kuhara hata mmoja masika yote? Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ubora wa habari uliongezeka, naam, lakini kwangu lililo kubwa zaidi ni kwamba watumishi, walipoona maswali mengine ya fomu hayawafai wao wala mtu mwingine, walipata pa kuyasema, na fomu zikapunguzwa na kurekebishwa. Mtu ambaye kesho atasimama mbele ya wenzake na namba zake hazinakili tena za mwezi uliopita. Staha yake mwenyewe yamzuia, na hahitaji msimamizi wa kumfokea.

Wala Uvira yenyewe haikosi ushahidi wa fawaidi ya daftari likirudi nyumbani. Kipindupindu si mgeni hapo. Wataalamu walipoyachukua majina ya walioingia kituo cha kutibu kipindupindu tangu mwaka 2009 hadi 2014, wakayaweka kando ya hesabu za maji yaliyosukumwa kila siku na shirika la maji la Regideso, waliona kwamba siku ambayo mabomba yalikauka kabisa ilifuatwa, katika siku 12 za mbele, na wagonjwa zaidi ya maradufu. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2015, na kazi ya kupanua mabomba ya mji ikafanyika kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Hapana mtambo wa ajabu katika habari hii. Palikuwa na wauguzi walioandika tarehe kwa usahihi wakati kitanda cha pili na cha tatu kikingoja, na mafundi wa maji walioandika hesabu za pampu. Na laiti kila muuguzi wa mitaa ya Mulongwe na Kasenga angalionyeshwa mchoro ule, mistari miwili ikipanda na kushuka kinyume, asingalihitaji semina ya kuhimizwa kujaza daftari.

Basi akitokea mwenye mamlaka na fedha kidogo, ningemwomba mambo yasiyo na fahari. Fomu za mipango zikusanywe mezani na muuguzi awepo, akiwa na kalamu nyekundu ya kufuta. Namba iandikwe mara moja na itumikie wote. Programu ya simu ya DHIS2 iliyopo tayari huweza kuhifadhi habari bila ya intaneti na kuzipeleka mtandao ukirudi, kwa hiyo muuguzi wa kituo cha juu milimani asilazimishwe kupanda kilima usiku kutafuta mnara. Mega zilipwe na ofisi, zikitajwa katika bajeti kwa jina lake, wala zisifichwe chini ya neno la ushirikiano. Na kila baada ya miezi mitatu zoni iwaite wauguzi wakuu, wa Kalundu na wa Kavimvira, waonane na hesabu zao.

Daftari la karatasi lisifukuzwe kwa haraka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Na Desemba ya mwaka ule ule waasi waliingia Uvira yenyewe. Katika misukosuko kama hiyo kishikwambi ni kitu cha kwanza kuporwa, na karatasi ni kitu cha kwanza kulowa, kwa hiyo habari ikae pawili, ya karatasi kabatini na ya mtambo mbali na ziwa. Wafadhili watapendelea kununua vishikwambi, kwa sababu huhesabika na hupigwa picha vikikabidhiwa. Nauli na chakula cha wauguzi wa mkutano wa siku mbili havipigwi picha, na ndivyo hukatwa kwanza kila bajeti inapopungua.