Umeme safi wa mabwawa, petroli ya chupa za Nyakabiga

Umeme wa Burundi ni wa maji tangu zamani. Bwawa la Rwegura, megawati 18, lilianza kazi mwaka 1986. Kuna Mugere, kuna mgawo wetu wa umeme wa mto Ruzizi, na mtambo wa mazutu wa megawati 30 uliletwa Bujumbura kuziba pengo. Ndiyo maana kila yanapozuka mazungumzo ya kuwalazimisha wauza umeme watumie nishati jadidifu, wafanyabiashara wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, hawaoni jipya. Kwenye hesabu za serikali, umeme huo safi wanao tayari. Dukani hawanao.

Mama mmoja anayechapa na kutoa fotokopi karibu na chuo kikuu analieleza jambo hili bila kuzunguka. Msimu wa wanafunzi kuwasilisha kazi zao ndio unaomlipia pango, na kiangazi maji yanapopungua mabwawani ndipo umeme unapokatika zaidi. Mwanafunzi hawezi kungoja hadi usiku, kwa hiyo mama anawasha jenereta. Petroli nayo, tangu uhaba ulipoanza kuiandama nchi, mara nyingi anainunua kwenye chupa, ile ya magendo kutoka Uvira au Kigoma, kwa bei anayopangiwa na muuzaji. Akipandisha bei ya ukurasa, mteja anavuka kwenda mtaa wa Bwiza. Asipopandisha, anafanya kazi ya bure. Mashine moja ilimharibikia umeme uliporudi kwa kishindo, na hakuna aliyemfidia. Analipia umeme kabla ya kuutumia, anasema, na anaulipia tena usipokuwepo. Jirani zake, kinyozi, mchomeleaji na muuza samaki mwenye friji, wana malalamiko hayo hayo.

Ofisa mmoja wa sekta ya umeme anajibu kwa takwimu inayorudiwa kila mahali: mito ya Burundi inaweza kutoa megawati 1,700, na kiasi cha 300 kati yake kinaweza kuzalishwa kwa faida. Takwimu hiyo ni ya miaka mingi na haina ubishi mkubwa. Tatizo ni kwamba inatajwa kama vile umeme wenyewe umekwishafika. Maji yanayopita bila mtambo hayachapi ukurasa hata mmoja, na mtambo usio na nyaya imara hadi mtaani hauna tofauti kubwa na hayo.

Kwingineko kanuni za kusukuma nishati jadidifu zilikuwa na meno. Uingereza, kuanzia 2002, msambazaji alitakiwa kuonyesha vyeti vya umeme jadidifu, na asiyetimiza alilipa. Kenya mwaka 2008 ilitangaza bei maalumu ya kununulia umeme wa wazalishaji wadogo, na Tanzania mwaka huo huo ikaweka mikataba ya mfano kwa wasiozidi megawati 10. Burundi ilifungua mlango kwa sheria ya 2015, na kituo cha jua cha Mubuga, mkoani Gitega, megawati 7.5, kilichozinduliwa 2021, ni tunda la mtaji binafsi. Lakini mnunuzi mkubwa wa umeme huo ni shirika la serikali lile lile linaloliuzia taifa. Likiwekewa kiwango cha nishati jadidifu na kukikosa, serikali itailipa serikali faini, na mwishowe faini hiyo itaingia kwenye bei ya uniti.

Lipo kosa kubwa zaidi, na sijasikia likijadiliwa inavyostahili. Kanuni hizi hupima umeme unaotoka kwa msambazaji. Hazipimi petroli anayoichoma mteja pale msambazaji anapomkatia. Shirika linaweza kuzima mazutu yake, likasifiwa kuwa safi kabisa, huku moshi ukihamia vibarazani Nyakabiga. Kipimo kinachohesabu megawati safi bila kuhesabu saa za giza kinampendelea anayekata umeme.

Paneli za jua juu ya paa zingesaidia, na baadhi ya wenye maduka wamekwishazinunua. Ila zinaagizwa kwa dola, na dola ni adimu. Betri ndizo ghali zaidi, na fundi mmoja anayezifunga analalamika kwamba zinazofika sokoni hazilingani kwa ubora, naye mnunuzi hana pa kuzipimia.

Matumaini yapo, kwa tahadhari. Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, ni nyongeza ya kweli, na mitambo ya Jiji na Mulembwe kule kusini ilipangwa kuleta karibu 50 nyingine. Hata hivyo zote ni za maji, na kiangazi hakichagui mto. Wanaoandika kanuni waanze na sharti moja: msambazaji atangaze, mtaa kwa mtaa, saa alizokata umeme kila mwezi, na mteja apunguziwe bili kwa saa hizo. Asilimia ya nishati jadidifu ifuate baada ya hapo.