Sukari, chumvi, urea na chokaa: juu ya nini ingine inayeyuka haraka, ingine inachelewa?



Kila mwaka, mvua ikikaribia, maulizo ni yale yale katika mikutano yetu ya Mulungwishi. «Tulimwaga urea, mvua kubwa ikapita, mahindi ikabaki manjano. Ile urea ilienda wapi?» Mwingine anasema: «NPK tuliiweka, wiki mbili nyuma punje zingali zinaonekana. Hii ni mbolea ya bongo!» Wa tatu anauliza: «Chokaa tuliweka siku moja na mbegu, hatukuona faida. Basi chokaa ni ya kazi gani?»

Maulizo hizi tatu zina jibu moja: namna kitu kinavyoyeyuka ndani ya maji. Mmea hauna meno. Mzizi hautafuni punje ya mbolea, unakunywa tu kile ambacho maji yamekwisha kuyeyusha. Mwenye kujua kinachoyeyuka haraka na kinachochelewa, anajua siku ya kukiweka na mahali pa kukiweka. Asiyejua anaweza kupoteza franka za gunia zima kwa mvua moja.

Tunawapa hapa majaribio ambayo walimu wanaweza kufanya darasani na ninyi mnaweza kufanya chini ya mti, siku ya mkutano.

Vitu vya kutafuta

Glasi au chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, kijiko, maji baridi, maji ya moto kutoka mbabula, sukari, chumvi, mchanga uliooshwa vizuri, urea kidogo, NPK kidogo, chokaa ya mawe yaliyosagwa, na ndimu moja. Angalisho: glasi na kijiko vilivyogusa mbolea visirudi tena jikoni. Na mtu asionje maji yenye mbolea, hata kidogo. Watoto wafanye wakiwa na mtu mkubwa.

Jaribio la 1: kuyeyuka si kupotea

Tia kijiko cha sukari katika glasi ya kwanza na kijiko cha mchanga katika ya pili. Koroga zote mbili. Sukari haionekani tena, lakini ukionja maji ni matamu. Sukari ingali mle, imegawanyika vipande vidogo sana hata jicho haliwezi kuviona. Kama mna mizani nzuri, pimeni maji na sukari mbali mbali, kisha pimeni mchanganyiko: uzito ni ule ule. Mchanga, hata mkikoroga mpaka magharibi, unarudi chini.

Kwa hiyo urea «iliyopotea» shambani haikupotea. Iko ndani ya maji. Swali ni hili: maji yale yameenda wapi?

Jaribio la 2: mambo matatu yanayoharakisha

Chukua chumvi ya punje kubwa. Gawa sehemu mbili sawa, moja uisage iwe unga. Tia kila moja katika glasi yake, maji sawa, bila kukoroga. Unga unayeyuka mbele. Kwa nini? Maji yanagusa kitu kwa nje tu. Ukikisaga, unafungua nje nyingi, na maji yanapata pa kushika.

Rudia kwa sukari: glasi moja ya maji baridi, moja ya maji ya moto. Moto inashinda. Halafu glasi mbili za maji baridi, moja ukoroge, nyingine uiache. Ile ya kukoroga inashinda, kwa sababu kila mara maji mapya yanafika kwenye punje.

Mambo matatu, basi: udogo wa punje, joto, na kukoroga. Lakini haya matatu yanaleta haraka tu. Hayawezi kuufanya mchanga uyeyuke. Jambo la kwanza kabisa ni asili ya kitu chenyewe.

Jaribio la 3: maji yanashiba

Endelea kutia chumvi katika glasi moja, kijiko kwa kijiko, ukikoroga. Itafika saa ambapo chumvi inabaki chini, hata ukoroge namna gani. Maji yameshiba. Litre moja ya maji baridi inashiba na chumvi ya gramu 360 hivi. Sukari, litre ile ile inameza karibu kilo 2. Urea, karibu kilo moja. Na chokaa ya mawe yaliyosagwa? Litre ya maji safi haimalizi hata gramu moja. Hata sehemu ya kumi ya gramu, hapana.

Hii njo tofauti ya kuweka akilini: urea na chokaa zote ni nyeupe, zote zinakuja ndani ya gunia, lakini mbele ya maji si ndugu hata kidogo.

Jaribio la 4: urea inapoza glasi

Tia vijiko vitatu vya urea katika nusu glasi ya maji, koroga, kisha shika glasi kwa mkono. Baridi! Urea ikiyeyuka inachukua joto la maji. Fanya vile vile na chumvi: baridi yake ni kidogo sana, pengine mkono hautaisikia.

Jaribio hili linasaidia kama una mashaka juu ya gunia. Chumvi ya jikoni nayo ni nyeupe na inayeyuka yote, kwa hiyo kuona punje zimeyeyuka hakutoshi kusema «hii ni urea ya kweli». Ile baridi ni dalili nzuri zaidi. Lakini ni dalili tu. Uhakika unatoka laboratware.

Tusikimbilie pia kusema mbolea ni ya bongo. Kule Morogoro, Tanzania, watafiti walinunua urea madukani wakaipima. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Karibu yote ilikuwa na azoti yake sawasawa, lakini wakulima wengi waliamini imechakachuliwa, hasa wakiiona imeshikana mabonge. Bonge ni alama ya unyevu: urea inapenda maji hata inayavuta hewani. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, mdomo umefungwa.

Jaribio la 5: NPK inaacha mabaki

Tia punje kumi za NPK katika maji, usikoroge. Tazama baada ya saa moja, tazama tena kesho. Punje inalainika, inapasuka, na mara nyingi chini kunabaki matope kidogo. Si wizi. Katika NPK ya 10-20-10, namba zinasema gunia la kilo 50 lina kilo 5 za azoti, na fosforo na potasi zinazohesabiwa kilo 10 na kilo 5. Vingine ni vitu vinavyobeba chakula hicho na kushikanisha punje, na sehemu yake haiyeyuki. Kwa hiyo punje unayoiona shambani wiki mbili nyuma inaweza kuwa ganda tu. Chakula kimekwisha kutoka.

Fosforo ina tabia yake. Hata ikiyeyuka, haitembei mbali. Udongo wetu mwekundu una chuma na aluminiamu nyingi, na hivyo vinaikamata karibu na pale ilipoangukia. Ndiyo maana NPK inawekwa siku ya kupanda, ndani ya shimo, karibu na mbegu, lakini udongo kidogo utenganishe mbolea na mbegu ili isiungue.

Jaribio la 6: mvua ndani ya chupa

Hili njo tunalolipenda zaidi. Kata chupa mbili za plastiki katikati. Geuza sehemu ya juu, mdomo chini, ufunge mdomo kwa kitambaa, na uisimamishe ndani ya sehemu ya chini. Jaza mchanga uliooshwa. Juu ya chupa ya kwanza weka kijiko cha chumvi. Juu ya ya pili, kijiko cha chokaa ya mawe. Mwaga glasi moja ya maji juu ya kila moja, polepole, kama mvua. Chukua maji yaliyotoka chini, uyaweke katika sahani mbili juani mpaka yakauke.

Sahani ya kwanza inabaki nyeupe kwa chumvi. Ya pili haina kitu cha maana, na chokaa mnaiona ingali juu ya mchanga, palepale.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Kwenye chumvi ya Mwashya, bonde la Lufira, watu walipitisha maji katika udongo wenye chumvi, wakachemsha maji yale, wakapata chumvi. Mvua kubwa inafanya vile vile katika shamba letu, ila sisi hatuna sahani chini ya kukinga.

Gunia la urea la kilo 50 lina kilo 23 za azoti. Siku za kwanza, kabla haijageuka ndani ya udongo, urea inafuata maji kokote. Na ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu bila kuifunika, sehemu inageuka hewa na kuruka. Ndiyo ile harufu kali. Kwa hiyo:

- Dose yote usiiweke mara moja. Gawa mara mbili, kwa mfano mahindi yakifika kwenye goti, kisha kabla ya kutoa maua.
- Usiweke ukiona mawingu ya mvua kubwa. Mvua ndogo ndogo ni rafiki.
- Chimba kishimo kidogo kando ya mmea, usiguse shina, weka, funika kwa udongo.
- Palilia mbele. Majani nayo yanakunywa.

Jaribio la 7: ndimu na chokaa

Weka chokaa ya mawe kidogo katika glasi mbili. Ya kwanza tia maji, ya pili tia maji ya ndimu. Kwenye ndimu inatoa mapovu: asidi inaila chokaa. Katika udongo wenye asidi, kama mashamba mengi ya kwetu, inafanyika kazi ile ile, lakini polepole sana, kwa sababu asidi ya udongo ni dhaifu kuliko ya ndimu na hakuna anayekoroga.

Sasa kumbukeni jaribio la 2. Hatuwezi kupasha shamba moto. Tunaweza kusaga na kukoroga. Mawe ya chokaa tunayo karibu, Kakontwe pale Likasi inajulikana kwayo tangu zamani, lakini kokoto haimsaidii mkulima. Unga laini njo unamsaidia. Umwage sawasawa, ulime ndani ya udongo, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, udongo uwe na unyevu. Anayeiweka siku moja na mbegu ataona faida mwaka unaofuata. Usiichanganye na mbolea katika shimo moja: chokaa inafukuza azoti iwe hewa. Tena uliza ni chokaa gani unayouziwa. Ile iliyochomwa na bado haijazimwa kwa maji inachemka ikiguswa na maji, inaunguza ngozi na inaweza kuharibu macho. Usiilete katika majaribio haya.

Kwa mkutano unaokuja

Tunaomba kila kikundi kifanye jaribio la 6 kabla ya kugawa mbolea, na wanawake na vijana wanaopalilia wawe mbele, kwa kuwa mara nyingi mikono yao njo inaweka urea. Wekeni chupa mbili mezani, na kila mtu aseme mwenyewe alichoona katika sahani. Halafu pangeni pamoja na moniteri wenu tarehe: ya chokaa, ya NPK, na za urea. Andikeni ndani ya daftari la koperative, na pembeni muandike mvua iliyonyesha wiki ile. Wakati wa mavuno daftari hilo litawaonyesha kama urea ilikwenda kwenye mizizi au ilifuata maji.